Mmefika na hakuna wa kuwapokea: jinsi ya kukabiliana na maandalizi mabovu kwenye mikutano ya vijana nje ya nchi

Tulishuka kwenye treni saa 5:15 usiku, tuko 11, na mabegi 13. Barua ya mwaliko ilisema tutapokewa na mtu mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Jukwaani hapakuwa na mtu. Nikapiga namba iliyoandikwa chini ya barua, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ilikuwa simu ya mezani ya ofisi, na ofisi yenyewe ilikuwa imeshafungwa tangu saa 11 jioni. Mdogo wetu kuliko wote, binti wa miaka 17, alikaa juu ya begi lake akaniuliza, "Dada, sasa tunalala wapi?" Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, na sikuwa na jibu.

Tangu usiku ule nimeongoza misafara mingine minne ya vijana: kambi mbili, mkutano mmoja na mabadilishano ya wiki mbili. Ni mmoja tu uliokwenda vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Namwandikia kijana aliyeshika barua ya mwaliko sasa hivi na moyo unamdunda kwa furaha, na yule atakayekabidhiwa kuongoza wenzake. Waandaaji wengi si watu wabaya. Ni watu sita wanaobeba kazi ya watu 20, aghalabu wanajitolea, na wamechoka kabla hamjafika. Lakini kuchoka kwao si sababu ya ninyi kulala nje.

Nilichokiona kila mara ni kwamba maandalizi mabovu humwumiza zaidi yule ambaye habari zake zote, fedha zake zote na mlo wake wote viko mikononi mwa mwandaaji. Basi karibu yote nitakayoeleza ni njia za kutoka mikononi mwake, kidogo kidogo, bila kugombana naye.

Barua ya maswali, wiki sita kabla

Waandikie barua pepe fupi. Uliza nani atawapokea, na namba yake ya simu ya mkononi, pamoja na namba ya mtu wa pili endapo wa kwanza hapatikani. Uliza anwani kamili ya mahali pa kulala: mtaa, namba ya jengo, na msimbo wa posta. "Hosteli ya chuo" si anwani. Uliza basi au treni ya mwisho kutoka uwanja wa ndege ni saa ngapi. Uliza kama usiku wa kufika kuna chakula. Uliza nani analipia nini, na lini. Uliza ni nani anayewajibika usiku wa manane mtu akiugua. Na kama nchi hiyo inatumia maandishi mengine, waombe wakutumie anwani kwa maandishi yao, uichapishe kwa herufi kubwa. Dereva wa teksi hatasoma herufi za Kilatini kwa sababu tu wewe umechelewa.

Kisha soma majibu kwa makini, maana hapo ndipo utakapowajua watu hao. Mwandaaji anayekujibu maswali manne na kusema juu ya mengine matatu, "Bado sijui, nitakujulisha Ijumaa," huyo ni mtu wa kuaminika. Anayekujibu kwa mstari mmoja, "Msiwe na wasiwasi, kila kitu kiko tayari," huyo jiandalieni wenyewe. Sijawahi kuona sentensi hiyo ikitoka kwa mtu ambaye kweli alikuwa tayari.

Barua ya mwaliko idaini mapema kuliko ratiba. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi ya viza ya muda mfupi hupokewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na lazima uwe na bima ya safari inayofidia angalau euro 30,000. Waandaaji wengi hawayajui hayo kwa sababu wao hawahitaji viza. Sisi tuliwahi kupokea mwaliko wenye majina mawili yaliyogeuzwa na tarehe moja ya kuzaliwa iliyokosewa, tukaurudisha mara mbili. Linganisha kila herufi na pasipoti, mtu kwa mtu, na ikiwezekana msome wawili kwa sauti.

Kuna mtego mwingine wa viza ambao sijaona ukielezwa popote. Angalia ratiba kama kuna matembezi ya siku moja kuvuka mpaka. Mkiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu, mkitoka nje ya eneo hilo hamrudi ndani. Katika mabadilishano yetu matembezi hayo yalikuwepo, siku ya tano, na aliyeyapanga hakuwaza kabisa kwamba pasipoti hazilingani nguvu. Niligundua usiku wa kuamkia siku ile, tena kwa bahati, mmoja wetu alipokuwa akiangalia viza yake ili aipige picha. Tulibaki. Mratibu aliomba radhi kwa machozi. Ningeisoma ratiba vizuri wiki tatu kabla, tungeomba wabadilishe mahali pa kwenda, na hakuna ambaye angekosa chochote.

Begi la usiku wa kwanza

Begi dogo la mkononi litoshe kukulaza, kukulisha na kukutibu kwa saa 24, hata kama begi kubwa limepotea na mwenyeji hajatokea. Ndani yake weka dawa zako zote, wala si nusu yake. Weka shuka jepesi, chupa ya maji, biskuti na karanga za kutosha milo miwili, nguo moja ya ndani, nakala ya pasipoti na viza kwenye karatasi, na fedha taslimu za nchi unayokwenda zinazotosha chumba cha bei nafuu na teksi moja. Pawabenki nayo inakaa humohumo, kwani hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Kiwango kinachokubalika bila kuomba kibali ni hadi wati-saa (Wh) 100, na ile ya mAh 20,000 iko salama ndani ya kiwango hicho. Ramani ya mji ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka, ili ifanye kazi bila intaneti.

Kwa dawa nasisitiza jambo moja. Beba barua ya daktari inayotaja dawa kwa jina lake la kitabibu, si jina la kwenye boksi. Kambini binti mmoja wa msafara wangu aliishiwa na dawa ya kuvuta ya pumu siku ya nne. Kwenye hema la huduma ya kwanza kulikuwa na plasta na barafu tu. Muuza dawa mjini hakulijua jina la biashara tuliloliandika, lakini aliposoma "salbutamol" kwenye barua, alitoa boksi lingine kabisa lenye dawa ileile. Tulitembea dakika 40 kwenda na kurudi. Sikutaka kusubiri gari la waandaaji, na nadhani nilifanya vyema.

Begi kubwa likipotea, usitoke uwanja wa ndege bila kuandikisha taarifa na kupewa namba yake. Wenyeji watakuambia, "Twende, tutashughulikia sisi." Hawawezi. Tiketi ni yako. Kwa safari za kimataifa zinazofuata Mkataba wa Montreal wa 1999, dai la begi lililochelewa huandikwa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na la begi lililoharibika ndani ya siku saba.

Tulifanya nini pale kituoni

Kwanza nilihesabu watu. Kisha nikawahamishia wote chini ya taa kubwa, karibu na mlango wa ofisi ya mlinzi, mabegi katikati na watu pembeni. Nikawatuma wawili, si mmoja, wakamuulize mlinzi kituo kinafungwa saa ngapi. Saa sita na nusu. Basi tulikuwa na saa moja na robo.

Halafu nikafanya ambalo ningepaswa kulifanya wiki moja kabla: niliandika kwenye kundi la WhatsApp la washiriki, si la waandaaji. Ndani ya dakika sita msichana wa msafara mwingine, aliyekuwa amefika asubuhi, alinitumia mahali alipo kwenye ramani na picha ya geti. Mpaka leo naamini kwamba washiriki waliotangulia wanajua mengi kuliko ofisi. Kama waandaaji hawajafungua kundi la washiriki, lifungue wewe. Waombe waandaaji wasambaze tu kiungo chako kwa washiriki wote.

Tulichukua teksi tatu. Kila gari lilikuwa na mtu mzima mmoja na simu moja yenye chaji, na namba za magari nilizipiga picha kabla hayajaondoka. Getini mlinzi hakuwa na orodha. Nilimwonyesha barua yenye mhuri, nikamwomba maji kwanza kwa ajili ya vijana, kisha nikamwomba amwamshe mtu. Alitupatia maji. Aliyetoa maji ni vigumu kukufungia geti. Saa 7:40 usiku tulikuwa tumelala, wengine kitandani, wengine sakafuni juu ya mashuka yetu.

Mtafute mwenye funguo

Asubuhi ya kwanza usimkimbilie mkurugenzi anayeshika maikrofoni. Kila mkutano una mtu mmoja anayejua mambo kwelikweli. Nimekutana naye mara tano sasa, na kila mara alikuwa kijana wa kujitolea, mwenye rundo la funguo shingoni, karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni, na hajanywa chai. Jifunze jina lake. Msaidie kubeba meza. Kisha muulize mambo matatu tu: maji ya kunywa yako wapi, nani anashika zamu usiku, na taarifa za mabadiliko ya ratiba zinatoka wapi. Ukiwa na majibu hayo, nusu ya vurugu za wiki hiyo zitakupita kando.

Jioni ya siku hiyohiyo anzisheni kikao cha msafara wenu: dakika 15, mahali pamoja, saa ileile, kila siku, hata kama hakuna jipya. Kila mtu anasema amekula nini, amelala vipi, na kama kuna kitu kinamsumbua. Wavulana hujifanya wagumu siku mbili za kwanza. Siku ya tatu wanaanza kusema.

Na uwe na daftari. Langu lilikuwa dogo, la mistari, na kila ukurasa niliugawa sehemu nne: nini kimeahidiwa, na nani, saa ngapi, na kilichotokea. Daftari hili limenisaidia kuliko ukali wowote. Mtu akiwa amechoka na wewe umechoka, maneno ya jumla huwasha moto. Ukimwambia, "Hapa hakuna kinachokwenda sawa," atajitetea, na ana haki, kwa sababu umemhukumu mzima. Mimi nilifungua daftari mbele yake nikasema hivi:

"Jana saa 8 mchana uliniambia magodoro mawili yataletwa kabla ya chakula cha jioni. Hayakuja. Wasichana wawili wamelala chini. Nisaidie nijue: yanakuja leo, au tuwahamishie chumba kingine?"

Angalia maneno yale. Yana saa, yana idadi, yana watu walioathirika, na mwishoni yana njia mbili anazoweza kuchagua. Sikumwuliza kwa nini. "Kwa nini" huleta hadithi ndefu na godoro haliji. Alichagua chumba kingine, akanipa ufunguo palepale. Nikaandika saa.

Yapo mambo ya kuachilia. Mhadhiri amechelewa saa mbili, fulana ni ndogo, chakula hakina ladha, kipindi kimefutwa: achilia. Ukidai kila kitu, hutasikika siku utakapodai cha maana. Lakini maji safi, mahali salama pa kulala wasichana, afya, usafiri wa usiku na hati za kusafiria usiviachilie hata kidogo. Pasipoti haikai kwenye kabati la mwandaaji "kwa usalama". Mapokezi ya hoteli wanaweza kuiona na kuinakili, kisha irudi mfukoni mwako. Wengi wetu tunaona aibu kudai tukiwa wageni. Mimi pia niliona aibu, mpaka nilipomwona kijana akitapika kwa jua huku sote tunangoja kwa adabu.

Tukiwa bado kwenye habari za jua na kutapika: mtu aliyeharisha au kutapika, na hakuna pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lakini mtu aliyepigwa na joto akianza kuchanganyikiwa au kuzungumza ovyo, hiyo ni dharura. Mtoe juani, mpoze kwa maji, na upige simu ya dharura wewe mwenyewe bila kusubiri ruhusa ya kamati. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, na haina malipo.

Nani ana mamlaka ya kusema "tunaondoka"?

Agosti 2023, Jamboree ya Dunia ya Skauti, yaani kambi kubwa ya maskauti wa nchi nyingi, ilifanyika Saemangeum, Korea Kusini. Vijana wapatao 43,000 walikuwa kwenye uwanja uliotokana na bahari iliyojazwa udongo, wenye kivuli kidogo mno, katika wimbi la joto kali. Mamia waliugua. Kulikuwa na malalamiko juu ya vyoo na usafi. Msafara wa Uingereza, zaidi ya watu 4,000, uliondoka mapema ukahamia hotelini Seoul, na wa Marekani nao ukaondoka. Siku chache baadaye, kimbunga Khanun kikikaribia, kambi nzima ilihamishwa.

Ninaporudia habari ile, sitazami joto. Natazama kwamba Waingereza walitumia akiba yao wenyewe kuondoka, na kwamba palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Wengi wetu tunasafiri bila vyote viwili. Kabla hamjaondoka, kaeni na wazazi na chama kinachowatuma mkubaliane kwa maandishi: ni nani anaweza kuamua kuondoka, ni hali gani zitakazotufanya tuondoke, na ni kiasi gani kimewekwa pembeni kwa ajili hiyo tu. Sisi tuliweka kiasi cha kutulaza usiku tatu. Hatujawahi kukigusa, ila kimenifanya niongee na waandaaji kwa sauti ya utulivu.

Jambo likiwa kubwa kuliko msafara mmoja, ungana na viongozi wa misafara mingine. Kambini tuliandika karatasi moja, viongozi wanne, hoja tatu tu: maji karibu na mahema, taa kwenye njia ya vyoo, na taarifa za ratiba kubandikwa saa 1 asubuhi. Tuliipeleka asubuhi baada ya chai, si usiku wakati kila mtu ana hasira. Maji na taa vilikuja siku hiyohiyo. Ratiba haikubandikwa hata siku moja.

Sishauri kuanzia mitandaoni. Picha ya choo kichafu itasambaa kabla ya mtu mwenye ufunguo wa choo kuiona, na baada ya hapo kila mlango utakufungia. Ila pakiwa na unyanyasaji wa kijinsia, wizi wa hati au vitisho, hilo si suala la maandalizi tena. Nenda polisi, piga simu ubalozini, na usimruhusu yeyote akuambie mtamalizana ndani. Kijana wenu akikamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi unampa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Namba ya ubalozi kila mmoja aibebe kwenye karatasi, maana simu huisha chaji saa mbaya.

Siku isiyo na ratiba

Mara moja basi halikuja, tukawa watu 60 ukumbini tangu saa 3 asubuhi. Tulipanga viti mviringo, kila msafara ukaeleza jinsi chama chao kinavyopata fedha na kinavyopoteza wanachama. Mazungumzo yalikuwa mazuri. Hata hivyo nilimwacha mtu wetu mmoja mlangoni, kazi yake ni kuuliza habari za basi kila nusu saa. Msijaze siku kwa namna ambayo waandaaji watasahau kwamba basi halijafika. Lilifika saa 8.

Fedha za nauli

Mipango mingi hurudisha nauli baada ya mkutano. Kwa mfano, katika mabadilishano ya vijana ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, yanayochukua vijana wa miaka 13 hadi 30, fedha za safari hupitia kwa waandaaji, na mara nyingi wao hulipa mshiriki baadaye akishaleta ushahidi. Kwa hiyo tunza risiti, tiketi, na kadi ya kupandia ndege. Iliyo kwenye simu hupotea baada ya safari, hivyo ipige picha ukiwa bado kwenye foleni. Iliyo ya karatasi nilikuwa naibandika kwenye daftari siku ileile.

Sisi tulikaa miezi saba bila kulipwa. Kila mwezi, tarehe 1, nilituma barua pepe moja: jina la mradi na namba yake juu kabisa, kiasi, orodha ya viambatisho, na swali moja, "Ni tarehe gani?" Mwezi wa sita niliwaandikia tena, safari hii nikaituma nakala kwa wakala wa taifa aliyefadhili mradi ule katika nchi yao, bila neno la matusi, pamoja na picha za kurasa za daftari. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mwezi wa saba fedha ziliingia. Niliwaita wote, yule binti aliyekaa juu ya begi akiwa wa kwanza kufika, nikawakabidhi, na kila mmoja akasaini kwenye daftari lilelile.